Kule Kuna Mwenyewe

Kosa langu lilikuwa kusema kanisani kwamba niliwahi kuwa skauti. Sikutaja kwamba ilikuwa wiki tatu tu, darasa la sita, na hema lenyewe nililiona kwa mbali. Kufikia Jumapili iliyofuata nilikuwa mkuu wa kamati ya kutafuta mahali pa kupiga kambi: vijana 19, familia tano, na Mama Mchungaji na goti lake.

Kila mtu na lake. Vijana walitaka ziwa nyuma yao wakipiga picha. Akina mama walitaka choo cha karibu. Mama Mchungaji alitaka mahali tambarare. Mimi nilitaka bei nafuu, maana mfuko wa vijana ulikuwa umebaki na pesa za mandazi.

Basi Jumatano moja nikapanda matatu hadi Naivasha kukagua. Nilifika saa saba mchana, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Askari wa pale, mzee mmoja mwenye kabuti, akanionyesha kiwanja cha juu, kando ya jiko, ndani ya ua wa nyaya za umeme. Vumbi na mawe. Nikatupa jicho chini, ufukweni. Nyasi! Fupi, laini, zimelingana kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Hata vichaka vya pembeni vilikuwa vimetiwa mbolea, tena bila ubahili, imeruka hadi kwenye majani ya juu. Nikajiambia, hapa wameajiri mtunza bustani anayeijua kazi yake.

"Mzee, sisi tutalala kule."

"Kule kuna mwenyewe."

"Tutaongea naye."

Akanitazama kitambo. "Huwa anakuja usiku."

"Haina shida. Atatukuta na chai."

Majini kulikuwa na nguzo zimejipanga, nyingine zimeinama. Nikadhani ni za kufungia mashua. Kumbe ndizo zilizokuwa ua wa zamani. Ziwa lilipanda mwaka 2020, likaumeza, ndiyo maana ua mpya uko juu. Lakini hayo ungeyajua ukiuliza, na skauti wa wiki tatu haulizi.

Jumamosi tulipofika, mzee alikuwa hajaingia zamu. Tukasimamisha mahema saba juu ya zulia lile, nami nikapokea pongezi mkono kwa mkono. Mke wangu peke yake ndiye aliyeuliza hiyo mbolea ni ya mnyama gani. Nikamwambia ng'ombe.

Saa tatu usiku tumeuzunguka moto, tunaimba pambio, ikaingia sauti nzito ajabu: hoo, ho-ho-ho-ho. Mwalimu wa kwaya akang'aa uso. "Nani huyo mwenye besi? Siku zote alikuwa amejificha wapi?" Tukarudia pambio. Besi ikaitikia, safari hii nyuma ya hema langu, ikifuatwa na mlio wa nyasi zinazong'olewa: kwaru, kwaru, kwaru.

Tochi ya mzee ikashuka mbio, ikamulika. Mtunza bustani alikuwa kazini. Tani moja na nusu hivi, visikio vinapepea, anatafuna wala hana habari na mtu. Baadaye mzee alitueleza kwamba kiboko mmoja hula kama kilo 40 za nyasi kwa usiku, na kwamba ukitaka ugomvi naye, simama kati yake na maji. Yaani pale pale tulipokuwa tumeketi. Wakati ule alisema neno moja tu: "Pandeni!"

Mama Mchungaji, aliyekuwa akishikiliwa na vijana wawili tangu mchana, alitupita sote kwenye mlima, kambeba mtoto ambaye hata leo hajui alikuwa wa nani. Goti hilo halijatajwa tena.

Tulilala watu 41 ndani ya matatu ya viti 33.

Asubuhi tukashuka kwa kunyata. Mahema yote yamesimama. Nyasi zimepunguzwa hadi kwenye vigingi, kwa adabu, hata kamba moja haikukanyagwa. Ila hema langu: ubavu mzima ulikuwa umerushiwa, kuanzia chini hadi kileleni. Mzee akasema kiboko hupepea mkia akijisaidia, ndivyo anavyoweka alama ya kwake.

Mke wangu akalitazama hema, akanitazama mimi. "Ng'ombe, eh?"

Nimelifua mara nne. Kamati mpya imeshachaguliwa. Mimi nimepewa mkaa.