Sungura Aliyepona Goti Si Shangazi Yangu

Wiki iliyopita, kundi la WhatsApp la familia yetu lilipokea ujumbe uliokwisha kuzungushwa mara nyingi, wenye picha ya goti jekundu na kichwa cha habari kilichotangaza kwamba wanasayansi wameotesha gegedu jipya, yaani ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, na kwamba hivi karibuni hakuna atakayehitaji goti la bandia. Shangazi, ambaye magoti yake yamesagika na ambaye hununua kila chupa ya vidonge vya kuongeza ute inayopita mtaani, akaniuliza dawa hiyo itafika lini. Niliisoma habari yote, na aya ya mwisho kabisa ndiyo iliyonijulisha kwamba mgonjwa aliyepona alikuwa sungura.

Sina ugomvi na sungura. Ugomvi wangu ni na watu wanaojua vizuri tofauti iliyopo, kisha wakainyamazia. Gegedu la goti la sungura lina unene wa takriban theluthi moja ya milimita, ilhali la binadamu hupita milimita 2. Sungura hukaa akiwa amekunja magoti, nasi tunasimama wima na kuyabebesha uzito wa mwili mzima. Zaidi ya hayo, wanaotumiwa mara nyingi ni sungura wachanga, na ukimtoboa sungura mchanga tundu la milimita 3 linalopenya hadi kwenye mfupa, seli za uboho hupanda na kulijaza zenyewe, bila kipandikizi chochote, yaani bila kitu kilichowekwa na mtafiti ili kuotesha gegedu. Kinachosifiwa kuwa ushindi wa kipandikizi huenda, kwa kiasi fulani, ni ushindi wa ujana. Kisha, baada ya wiki 12 au zaidi kidogo, mnyama huuawa, goti lake hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, na hakuna anayejua kipandikizi kile kingekuwaje baada ya miaka mitano ya kupanda ngazi. Zamani sana, mwaka 1743, mwanaanatomia William Hunter aliandika kutoka London kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na sababu tunaijua: halina mishipa ya damu.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba sungura wametufikisha mahali. Mbinu ya kuchukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, kuzikuza maabara na kuzirudisha gotini ilianzia kwao, na mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Göteborg, nchini Uswidi, wakatoa taarifa ya wagonjwa 23. Kati ya 16 waliokuwa na kidonda kwenye mfupa wa paja, 14 walipata matokeo mazuri; kati ya 7 waliokuwa na kidonda nyuma ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, ni 2 tu. Miaka kumi baadaye, watafiti wa Norwei waliwagawa wagonjwa 80 katika makundi mawili, wakailinganisha mbinu hiyo na ile rahisi ya kutoboa vitundu kwenye mfupa ili damu na uboho vitoke, na baada ya miaka miwili hawakuona kwamba imeishinda ile rahisi. Habari hiyo haikuwahi kufika kwenye kundi letu la familia.

Farasi angetuambia ukweli zaidi, kwa kuwa unene wa gegedu lake unakaribia wetu na farasi wa mbio huugua viungo bila kujeruhiwa na mtafiti. Lakini farasi ni ghali kumnunua, kumlisha na kumpasua, kwa hiyo anachaguliwa sungura, na bei yake ndiyo inayoamua swali gani liulizwe. Hapo ndipo hasira yangu inapogeuka huzuni: mnyama anapasuliwa, anapata maumivu, anauawa, ili kutoa jibu ambalo aliyemchagua alijua tangu mwanzo kwamba halitamfaa binadamu mwenye umri wa miaka 60.

Wahariri nawaomba mambo matatu tu kwenye kichwa cha habari: ni mnyama gani, alikuwa na umri gani, na alifuatiliwa kwa muda gani. Nafasi ikiwa finyu, waanze kwa kufuta neno "mapinduzi".