Cheki-apu kila mwaka: inasaidia kweli au tunatishana bure?

Ukisikia mtu anahimiza watu wazima wakacheki afya, hoja huwa ileile, hata gari linapelekwa sevisi sembuse mwili wako. Inaingia akilini haraka ndo maana inarudiwa kila siku. Ila fikiria kidogo, gari likienda sevisi oili inamwagwa inawekwa mpya, filta inabadilishwa, yaani kuna kitu kinafanyika. We ukienda kupima presha hakuna kilichobadilika mwilini, umeangaliwa tu. Kipimo peke yake sio kinga wala sio tiba, ni taarifa, na faida yake iko kwenye kile kitakachofuata baada ya hapo. Mi naona mabishano mengi kuhusu hili suala yanaanzia hapo, watu wanaongelea cheki-apu kama kitu kimoja wakati ndani yake kuna vipimo vinavyookoa watu kabisa na kuna vingine ni kuhangaishana tu.

Nianze na upande wa wanaopinga maana huo wengi hawausikii. Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walirudia uchambuzi wao wa majaribio yaliyolinganisha watu walioitwa kufanyiwa cheki-apu ya jumla na ambao hawakuitwa, jumla zaidi ya watu 250,000. Walichokuta hakikuwafurahisha wengi: walioitwa hawakuishi zaidi ya wenzao, vifo vya kansa havikupungua, na kwenye vifo vya moyo tofauti ilikuwa ndogo mno au haipo kabisa. Kuna jaribio jingine la Denmark linaitwa Inter99, watu karibu 60,000 wa miaka 30 mpaka 60, wengine wakachaguliwa kwa bahati nasibu waitwe wapimwe hatari ya ugonjwa wa moyo na wenye hatari wapewe ushauri wa kubadili maisha, sio mara moja, ni kwa miaka mitano. Matokeo yakatoka 2014, baada ya miaka 10 kiharusi, ugonjwa wa moyo na vifo vilikuwa sawa tu na kwa wale walioachwa.

Sasa hapo kuna mtu ataruka aseme basi tuache kupima. Ngoja kwanza. Majaribio mengi kati ya hayo ni ya zamani, mengine yameanza miaka ya 60 na 70 huko, kabla ya dawa nyingi za leo za kolesteroli na presha. Halafu wale ambao hawakuitwa hawakukaa gizani, wakienda kwa daktari kwa mafua au mgongo walikuwa wanapimwa presha hukohuko, kwahiyo unalinganisha watu waliopimwa na watu ambao nao wengi wao walipimwa. Na pia wanaoitikia wito wa cheki-apu mara nyingi ni walewale wanaojijali, asiyevuta sigara na anayefanya mazoezi ndo anakuwa wa kwanza kwenye foleni, yule mwenye hatari kubwa yuko nyumbani anasema mimi mzima naenda kutafuta nini. Kwa hiyo tafiti hizo hazijasema vipimo havina maana, zimesema ukiita kila mtu umpime kila kitu faida inayeyuka.

Kitu kinachonikera zaidi ni zile pakeji za vipimo lukuki kwa mpigo. Watu hawajui namna maabara zinavyopata kile kiwango cha kawaida kinachoandikwa pembeni ya majibu yako. Mara nyingi wanachukua watu wazima wa afya wanawapima, halafu wanakata asilimia 95 ya katikati, hao ndo wanaitwa kawaida. Maana yake kwa kila kipimo, watu 5 katika 100 wasioumwa chochote watatoka nje ya mstari kwa jinsi mstari ulivyochorwa. Piga hesabu sasa, ukipima vitu 20 tofauti visivyotegemeana, uwezekano wa kuwa na angalau kimoja chenye alama nyekundu ni kama asilimia 64, na wewe huna ugonjwa wowote! Hapo ndo mwanzo wa safari, rudia kipimo, piga picha, kuna kivuli hakieleweki tukichunguze, wiki nzima hulali.

Na sio usingizi tu unaopotea. Korea Kusini wana mpango wa taifa wa kupima kansa tangu 1999, kansa ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, haikuwemo kwenye mpango lakini hospitali zikawa zinaongezea kipimo cha ultrasaundi ya shingo kama nyongeza ndogo tu. Kufikia 2011 waliokuwa wanagundulika nayo walikuwa mara 15 ya mwaka 1993. Unajua vifo vilipungua kiasi gani? Havikusogea. Zilikuwa zinagunduliwa kansa ndogondogo ambazo wengi wao wangezeeka nazo bila kujua, ila wakishaambiwa nani atakubali kukaa nayo, wengi wakakatwa tezi, na asiyekuwa na hiyo tezi anameza homoni maisha yake yote.

Haya, upande wa pili, na hapa sina masihara. Presha. Takwimu za WHO za 2021 zilionyesha watu bilioni 1.28 wa miaka 30 mpaka 79 wana presha ya kupanda, na karibu nusu yao, asilimia 46, hawajui. Presha haiumi, hiyo ndo shida yake, unaweza kuwa nayo miaka unapiga kazi kama kawaida huku figo na mishipa ya ubongo vinaliwa taratibu, na dawa zipo na zinafanya kazi. Hiki ni kipimo cha dakika chache na sioni hoja ya maana ya kukikwepa. Ila kipimwe vizuri jamani: ukae umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono usawa wa moyo, usiwe umebanwa na mkojo, na usipige stori mkanda ukiwa unajaa upepo. Umepanda ngazi unahema ukapimwa ikaja 150 kwa 95, hiyo sio hukumu, inatakiwa irudiwe siku nyingine.

Mlango wa kizazi ndo mfano mzuri kuliko yote. Mabadiliko yanayoletwa na kirusi cha HPV huchukua miaka mingi kabla ya kuwa kansa, kwahiyo kuna dirisha kubwa la kuyakamata na kuyaondoa, mara nyingine siku hiyohiyo bila kulazwa. WHO wanataka asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45. Utumbo mpana nao hivyohivyo, uvimbe mdogo unaonekana na unakatwa kabla haujageuka, na Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima kutoka 50 mpaka 45. Hapo kupima na kukinga vimekuwa karibu kitu kimoja. Tezi dume iko katikati, kile kipimo cha damu cha PSA kinakamata kansa za kweli na kinakamata pia nyingi ambazo zingekaa kimya, na matibabu yanaweza kukuacha na shida ya mkojo au nguvu za kiume, ndo maana ushauri wa Marekani tangu 2018 kwa wa miaka 55 mpaka 69 ni uzungumze na daktari uamue mwenyewe. Mi sioni kama wanakwepa, ndo ukweli ulivyo.

Kwahiyo mtu mzima afanyeje? Kwanza hilo la kila mwaka kila kitu liache. Presha ndiyo, kila mwaka au zaidi kama imeshaanza kusumbua. Kipimo cha HPV kikiwa safi unaweza kukaa miaka mitano. Kamera ya utumbo ikiwa safi ni miaka 10. Sukari inategemea uzito, umri na ukoo. Kabla hujatoa damu muulize daktari swali moja tu, hiki kikija kibaya tutafanya nini tofauti? Akishindwa kujibu, hicho kipimo sio chako.

Halafu kuna watu ambao haya yote niliyosema kuhusu kutopima ovyo hayawahusu kabisa, nao ni wale wenye historia kwenye ukoo. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aligundulika na kansa ya utumbo, usisubiri 45, ushauri wa kawaida ni kuanza ukiwa na 40 au miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao yeye, inayotangulia ndo hiyo. Na ili ujue hilo inabidi umuulize mama au shangazi fulani alifariki na nini hasa na akiwa na miaka mingapi, swali ambalo hakuna maabara inayoweza kukujibia.