Wati 75 na ubishi wa kadi ya grafiki ya bei nafuu

Mtu anapouliza ni kadi gani ya grafiki (kifaa kinachochora picha za michezo na video) aifunge kwenye kompyuta yake ya mezani kwa fedha kidogo, jibu huja kabla swali halijakamilika: atafute RX 580 ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na asipoteze fedha kwa vikadi vidogo visivyohitaji waya wa umeme. Jibu hilo lina hoja nzito nyuma yake. Kasoro yake ni kwamba halimwulizi mhusika jambo la kwanza linalopaswa kuulizwa, yaani ana kompyuta gani.

RX 580 ipewe haki yake. Kampuni ya AMD iliitoa mwaka 2017 ikiwa na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 256, inayopitisha gigabaiti 256 kwa sekunde, ambazo ni mara mbili ya zile za GTX 1650 ya Nvidia ya mwaka 2019 katika toleo lake la kwanza. Mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum ulipoachana mwezi Septemba 2022 na uchimbaji, yaani kutengeneza sarafu kwa hesabu zilizofanywa na kadi za grafiki, kadi za aina hii zilimwagika sokoni na bei ikaporomoka. Hofu kwamba kadi iliyochimba sarafu ni mzoga imetiwa chumvi mno, kwa kuwa wachimbaji wengi walishusha volteji ili kuokoa umeme, na kinachochakaa mapema zaidi ni feni na dawa ya kupitishia joto, vitu ambavyo fundi yeyote makini anaweza kuvibadilisha. Mwenye kasha la kawaida na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya kuaminika ya wati 500 sina sababu ya kumzuia, ilimradi ahakikishe hauziwi ile iliyoandikwa 2048SP, ambayo ina viini vya kukokotoa 2048 badala ya 2304 na kwa hakika ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake.

Lakini huyo si mnunuzi tunayemzungumzia. Dar es Salaam au Nairobi, mtu anayebana matumizi mara nyingi hununua kompyuta iliyostaafu ofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk. Ni mashine imara, ila zilitengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu, na umeme wake ulipimwa kwa kazi hiyo. OptiPlex 7050 ya mnara huja na pawa saplai ya wati 240, na ile ya kasha jembamba huja na ya wati 180. Prosesa ya Core i5-7500 imekadiriwa wati 65, na RX 580 wati 185. Jumla ni 250, hivyo hesabu imekwisha kuvuka mpaka kabla diski, feni na kumbukumbu hazijadai chao.

Husemwa kwamba pawa saplai hubadilishwa tu. Neno "tu" hapo limebeba mzigo mkubwa, kwa sababu ubao mama wa Dell wa kizazi hicho haupokei plagi ya kawaida ya pini 24, na umeme wa diski hutoka kwenye ubao wenyewe. Kwa hiyo kuna pawa saplai mpya ya kununua, kuna adapta ya kutafuta, na pengine kasha jingine, na mwishowe ule unafuu wa kadi ya mtumba umeliwa na vitu ambavyo havikutajwa wakati wa ushauri. Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa adapta inayogeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiki. Plagi ya SATA imekadiriwa kutoa wati 54 kwenye volti 12, ilhali ile ya pini 8 huruhusiwa kudai hadi 150. Plastiki ikiyeyuka, asilaumiwe aliyetengeneza kadi.

Hapo ndipo wati 75 zinapopata maana. Hicho ndicho kiwango ambacho sloti ya PCI Express, yaani tundu la ubao mama linalochomekwa kadi, inaruhusiwa kuipa kadi bila waya wowote wa ziada, na kadi inayotosheka nacho huchomekwa katika mashine ya ofisi bila kudai kingine. RTX 3050 ya Nvidia ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, hutumia wati 70. Ikilinganishwa na RX 580, zote zikifanya kazi kwa nguvu zote, tofauti ni wati 115. Kwa anayecheza au kuhariri video saa nne kwa siku, hizo ni uniti 13.8 kwa mwezi. Kwa bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida wa umeme Tanzania, ya shilingi 292 za Tanzania iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati nchini humo, mwaka 2016, ni takriban shilingi 4,000 kabla ya kodi, au 48,000 kwa mwaka. Haimfilisi mtu, lakini haitajwi kamwe bei ya kadi inapotajwa. Kwa nyumba iliyo katika kundi la D1, la wenye matumizi madogo, ambako uniti 75 za mwanzo hutozwa shilingi 100 na zinazozidi hutozwa 350, uniti hizo 14 zinaweza kuwa ndizo zinazovusha mstari.

Wanaozidharau kadi ndogo hawakosei kwa zote. RX 6400 ya AMD hutumia wati 53 tu, lakini ina njia nne za mawasiliano, na katika mashine zenye toleo la zamani, PCI Express 3.0, kasi ya njia hizo hupungua nusu, tena haina kabisa sehemu ya kusimbia video, yaani kuibana inapohifadhiwa, jambo linalomwondoa mhariri moja kwa moja. Arc A380 ya Intel ina gigabaiti 6, ila hutegemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambao kwa kawaida haumo katika mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba. Hubaki GTX 1650 na RTX 3050, na hii ya pili, pamoja na kwamba bei yake mpya inaizidi kwa mbali RX 580 ya mtumba, haiachwi nyuma nayo katika michezo, na inaweza kuendesha michezo mipya inayodai ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing), ambayo RX 580 haina vifaa vyake. Muuzaji akisema "3050" tu, aulizwe ni ipi, kwa kuwa ile ya gigabaiti 8 hutumia hadi wati 130 na huhitaji waya. Hata GTX 1650 ina matoleo yenye tundu la pini 6.

Anayeshuka hadi GTX 1050 Ti ya mtumba ana jambo moja zaidi la kuangalia. Zimeuzwa kadi za kale, kama GTS 450, ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili Windows izitambue kwa jina hilo. Aombe GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, ifunguliwe mbele yake kabla hajatoa fedha, na jina likitanguliwa na neno FAKE, yaani bandia, airudishe kadi mezani.