Huku ramani ilimtangulia mkulima

Kamwene, ndugu zangu wa Iringa na Makete.

Ninakoishi, magharibi mwa Minnesota, barabara za mashambani zimenyooka kama uzi, na kila maili moja kuna njia panda. Nilipofika nilizionea wivu sana. Zilichorwa na wapimaji. Sheria ya Marekani ya 1785 iliagiza nchi ikatwe miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba vipande 36 vya ekari 640. Walipima kwa mnyororo wa futi 66, minyororo 80 kwa maili, wakipita katikati ya vinamasi bila kupinda. Kisha, kuanzia 1862, mlowezi akapewa ekari 160, yaani robo ya kipande, kwa namba yake.

Wadakota, wenyeji wa hapa, hawakuwa na namba. Mwaka 1863, baada ya vita vyao na Marekani, sheria iliwafukuza jimboni.

Kinachoniuma ni kwamba walikuwa wameshaandikwa. Mfaransa Joseph Nicollet alizunguka huku akipima kwa nyota, na ramani yake ya 1843 imejaa majina ya mahali aliyoyapata kwao. Lakini ziwa moja la Minneapolis liliitwa Calhoun, jina la waziri wa vita aliyetetea utumwa. Mwaka 2018 ndipo likatambuliwa tena rasmi kuwa Bde Maka Ska. Niliposimama mbele ya kibao chake niliwaza Kitulo, ambayo ramani ziliiita uwanda wa Elton, kwa jina la konsuli Mwingereza aliyepita kule 1877. Milima ya Livingstone bado inaitwa hivyo hadi leo!

Basi msiitamani mistari ya huku. Iringa Vijijini nimeona jambo bora zaidi: vijana wa kijiji wanatembea mpakani na simu inayorekodi mstari, jirani amesimama upande wake, wazee wanathibitisha, ndipo inatoka hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mpaka unapinda pale kijito kinapopinda, kwa sababu watu walikuwapo kwanza.

Ila hati inabeba jina la mwenye shamba, si la kijito. Hayo majina wanayo wazee tu, na kila msiba unaondoka nayo. Desemba nikija, baba mkubwa ameahidi kunitembeza kuanzia chemchemi ya juu hadi mtoni. Nitakuja na daftari.