"Jikaze, ni kichwani tu"

Juzi nilikuwa na homa, natetemeka chini ya mablanketi mawili na kipimajoto kinasoma 39, jamaa yangu mmoja akapiga simu: "Jikaze bwana, hayo yapo kichwani tu."

Yapo kichwani, ndiyo. Tena ndani kabisa, kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Shida ni kwamba yeye alimaanisha deko.

Vijidudu vikiingia, seli za kinga hupiga kelele kwenye damu. Kelele hizo zikifika kwenye mishipa ya damu ya ubongo, seli zinazoitandika kwa ndani huanza kutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2. Haikuwekwa akiba mahali. Inaundwa papo hapo kutokana na mafuta ya utando wa seli. Inapenya hadi kwa neva zinazosimamia joto la mwili, inashika vipokezi vyake, na neva zilizokuwa zikizuia joto lisipande zinanyamazishwa. Kuanzia hapo 37 ni baridi. Mishipa ya ngozi inajibana, misuli inatetemeka, nawe unatafuta blanketi la tatu huku unaungua. Sasa nijikaze nini? Nibishane na haipothalamasi?

Jina lenyewe la prostaglandini halisaidii. Mwanasayansi wa Sweden, Ulf von Euler, aliikuta kwenye shahawa, mwaka 1935 akaipa jina la tezi dume (kwa Kiingereza "prostate"), na hadi leo ukiitaja mtu anacheka. Wakati huohuo ndugu yake, prostaglandini D2, yumo ubongoni analaza panya usingizi. Osamu Hayaishi na wenzake walilionyesha hilo huko Japani. Hakuna anayecheka usingizi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: uchovu na kukosa hamu ya kula si kazi ya prostaglandini peke yake. Na dawa ya homa haiui kijidudu hata kimoja. Aspirini imeuzwa tangu 1899, na ilibidi tumsubiri mtafiti John Vane hadi 1971 atuambie inachofanya: inazuia prostaglandini isitengenezwe. Basi. Hakuna kujikaza humo.

Nilimeza yangu. Kiwango cha joto ambacho ubongo ulikuwa ukikitaka kikashuka, ubongo ukashtuka kwamba mwili umepitiliza joto, na saa nane usiku jasho likanitoka chapachapa. Mablanketi nikayatupa sakafuni. Asubuhi nikakuta jamaa amepiga tena mara mbili. Sikumrudishia.