Ramani ya macho imepimwa kwa mizani mbovu

Meta ilipoachia modeli yake ya kukata picha, Segment Anything, Aprili 2023, wengi wanaoandika programu Arusha na Moshi walilifunga faili la utabiri wa macho. Hoja yao ni nyepesi kueleza: kama mashine inakata kila kilichomo kwenye picha kwa kuonyeshwa nukta moja tu, ya nini kuhangaika kukisia jicho la mtu litatua wapi? Waliobaki kuitetea kazi ya macho ni wachache, na wanaosikika zaidi ni wauzaji wa ramani za joto, yaani picha zilizopakwa rangi pale macho yanapotabiriwa kutua. Hawa humfuata mwenye kampuni ya safari pale mjini, wakamwonyesha doa jekundu juu ya uso wa simba kwenye tovuti yake, kisha wakamwambia kitufe cha kuweka nafasi kimekaa pabaya. Ukiwa na mawakili wa namna hiyo, kesi huipotezi mahakamani, umeshaipoteza nje.

Hata hivyo, wakataji wana haki kwa mengi. Kukata picha ni kuipa kila pikseli mwenyewe: hii ya jani, hii ya udongo, hii ya jeraha. U-Net, modeli ya kukata iliyotoka Freiburg mwaka 2015 kwa ajili ya picha za hadubini, bado inafanya kazi nzuri ukiwa na picha mia chache tu. Segment Anything ilifundishwa kwa picha milioni 11 na maski (michoro ya eneo la kila kitu) bilioni 1.1, na zaidi ya asilimia 99 ya maski hizo ilijitengenezea yenyewe. Hapa kwetu, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, walitumia U-Net na modeli nyingine, Mask R-CNN, kukata madhara ya kantangaze, kiwavi anayechimba majani, kwenye majani ya nyanya. Swali la bwana shamba, jani limeliwa kiasi gani, likapata jibu la eneo badala ya makadirio. Mkulima wa Ngarenanyuki hana haja ya kujua mtu asiyemjua angetazama wapi kwenye picha ya shamba lake.

Kisha lipo suala la Twitter. Kuanzia 2018 kampuni hiyo ilikata picha za watumiaji kwa kutumia modeli ya mvuto wa macho, ikibakiza sehemu iliyotabiriwa kuvutia. Malalamiko yakalipuka 2020, na Mei 2021 yenyewe ikatangaza ilichokipima: tofauti ya asilimia 8 ikiwapendelea wanawake dhidi ya wanaume, na asilimia 4 ikiwapendelea watu weupe dhidi ya weusi. Ukataji huo ukaondolewa. Sioni cha kubishana hapo. Modeli inayobashiri macho ya watu inabeba na upendeleo wa macho yale, na kuikabidhi uamuzi wa nani aonekane na nani akatwe ni matumizi mabaya.

Silaha kubwa ya wakosoaji, hata hivyo, ni namba moja, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kwenye mizani ya MIT300, yenye picha 300 zilizotazamwa na watu 39, chora doa moja jeupe katikati ya picha, lififie kuelekea pembeni, ulirudie lile lile kwa picha zote 300 bila kuangalia hata moja. Kwa kipimo cha AUC, kinachoangalia kama ramani inazipa sehemu zilizotazamwa alama za juu kuliko zisizotazamwa, na ambapo kubahatisha ni 0.5, doa hilo linapata 0.78. Modeli ya Itti, Koch na Niebur ya 1998, yenye kuchambua rangi, mwangaza na mielekeo ya mistari, haifiki hapo. Ukomo wenyewe, yaani kutabiri macho ya watu kwa kutumia macho ya watu wengine wengi, ni 0.92. Piga hesabu: kutoka kubahatisha mpaka ukomo ni hatua 0.42, na doa lisiloona chochote limeshatembea 0.28, theluthi mbili ya safari. Modeli bora za ujifunzaji wa kina zinazunguka 0.88. Mkosoaji anauliza: mitandao ya neva yote hii, kadi za michoro zote hizi, ndiyo kwa ajili ya kipande kilichobaki?

Swali linakata. Lakini limeelekezwa pabaya, kwa sababu 0.78 haisemi lolote juu ya modeli. Inasema mambo matatu juu ya namna picha zilivyopatikana na jicho lilivyopimwa. Mpiga picha huweka anachokitaka katikati. Majaribio mengi humwanzisha mtazamaji kwa alama ya msalaba katikati ya skrini, kwa hiyo tuo la kwanza la jicho limepangwa kabla picha haijatokea. Na AUC inajali tu alama ipi ni ya juu na ipi ni ya chini. Ramani inayotapakaa ovyo haiadhibiwi sana mradi sehemu zilizotazamwa zina alama za juu kuliko zisizotazamwa.

Badili kipimo uone. NSS, kipimo kingine, huchukua ramani, huondoa wastani wake, hugawa kwa mkengeuko sanifu, kisha husoma thamani pale pale macho yalipotua. Hapo doa la katikati linapata 0.92, na DeepGaze IIE, modeli ya macho ya 2021, inapita 2.5. Au tumia AUC iliyochanganywa, ambamo sehemu za kulinganishia si pikseli zozote bali matuo ya macho yaliyotoka kwenye picha nyingine, ambayo nayo yamejaa katikati: doa linaanguka hadi 0.51, sawa na kurusha shilingi. DeepGaze II, iliyoitangulia, ilishalitenga tatizo hili kwa uwazi. Upendeleo wa katikati huongezwa mwishoni kama sehemu inayojitegemea, na ukitaka unauondoa. Anayekuuzia ramani ya joto bila kukuambia kama ameuondoa au la, mwulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Wakataji nao wasishangilie mapema, kwani wamekula chungu kimoja na hao wanaowacheka. SALICON, mkusanyiko uliozifundisha modeli nyingi za macho, ulichukua picha 20,000 kutoka COCO, hazina ya picha ile ile inayotumika kupima ukataji. Aina 80 za vitu za COCO zina tembo, twiga na pundamilia, na zina hata mbao za kuteleza kwenye theluji. Hazina nyumbu wala bajaji. (Theluji tunayo juu ya Kilimanjaro, lakini hatujafika huko.) Tofauti ni kwamba upande wa macho umezoea kuchora doa la katikati na kujipima nalo kila mara. Upande wa kukata haujajiwekea adhabu hiyo, ndiyo maana unaonekana msafi.

Lililo zito zaidi ni kwamba maski ya kupimia ilichorwa na mtu, na mtu huchora alichokitazama. Chukua jani la nyanya. Mwekaji lebo huanza na mabaka makubwa yaliyo wazi katikati ya jani. Handaki jipya la kiwavi, lenye milimita chache, karibu na ukingo au sambamba na mshipa, hupitwa. Modeli ikiliona handaki hilo, hesabu inaliandika kama kosa la modeli. Na kwa vitu vidogo adhabu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Maski ya mraba wa pikseli 10 ikisogea pikseli 2 upande mmoja, eneo la pamoja ni 80 na muungano ni 120, kwa hiyo uwiano wa hayo mawili, ndio alama ya modeli, ni 0.67. Mraba wa pikseli 100 ukisogea pikseli 2 zile zile unabaki na 0.96. Mkono ukitetemeka kidogo juu ya kitu kidogo, modeli ndiyo inayoonekana mbovu.

Dawa ya kawaida ni kuweka wachoraji watatu na kuchukua wastani. Inasaidia pale makosa yanapotawanyika. Haisaidii pale wote watatu wanapoacha eneo lile lile, na ndivyo macho yalivyo: huvutwa na vitu vile vile na kuruka vile vile. Ukiwa na rekodi ya macho wakati wa kuchora, unaweza kutenganisha mambo mawili ambayo maski peke yake huyaficha: mchoraji hakutazama, au alitazama akaamua si kitu. La kwanza linatibiwa kwa kukuza picha na kumpitisha sehemu kwa sehemu; la pili kwa mafunzo ya kutambua dalili. Mwaka 2013 wataalamu 24 wa picha za hospitali walipewa picha za CT za mapafu zenye sokwe mkubwa aliyepachikwa ndani, na 20 hawakumwona. Rekodi ya macho ilionyesha 12 kati ya hao walimtazama moja kwa moja. Mkosoaji ana haki ya kuitumia habari hii dhidi yangu, kwamba kutazama si kuona. Ni kweli. Lakini bila kufuatilia macho, nani angejua kwamba wale 12 na wale 8 walikosea kwa namna mbili tofauti?

Tuje angani, maana ndipo hoja inapogusa Arusha kweli. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori ambayo makao yake yako hapa, huhesabu wanyama kwa ndege, na kwa muda mrefu waliohesabu ni watazamaji wa viti vya nyuma, wakitazama ukanda uliowekewa mipaka na fimbo mbili kwenye mhimili wa bawa. Fikiria ndege ya kilomita 170 kwa saa na ukanda wa mita 150. Kila sekunde mita 47 za ardhi zimepita. Jicho hutua mara 3 hivi kwa sekunde, na sehemu yake inayoona kwa ukali ni nyuzi 2 hivi. Kwa umbali wa mita 200 hiyo ni upana wa mita 7. Kwa hiyo mtazamaji hafagii ukanda, anaudonoa. Kinachoingia kwenye hesabu kinaamuliwa na mahali macho yalipodonoa, na swala aliyesimama kivulini hana nafasi sawa na pundamilia aliye kwenye majani mafupi.

Jibu la wakataji ni kuweka kamera, na ni jibu zuri. Mahali kamera zilipolinganishwa na watazamaji, kama Tsavo nchini Kenya, zilinasa wanyama zaidi. Tatizo ni anayedhani kazi imeishia hapo. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000, yenye sentimita 5 za ardhi kwa pikseli, inampa swala wa mita 1 pikseli 20. Segment Anything huipunguza picha hadi upande mrefu uwe 1024, kwa hiyo swala anabaki na pikseli 3.4, na modeli huisoma picha kwa vigae vya pikseli 16. Mnyama amemezwa ndani ya kigae kimoja. Lazima uikate picha kwanza katika vipande vya 1024 vinavyopishana, tuseme, pikseli 100: vipande 7 kwa 5, yaani 35 kwa kila picha, halafu uondoe wanyama waliohesabiwa mara mbili kwenye mipaka.

Na hata ukifanya yote hayo sawasawa, unabaki na swali ambalo ukataji hauwezi kulijibu. Hesabu za miaka iliyopita zilifanywa na macho. Kamera ikileta idadi kubwa zaidi mwaka huu, wanyama wameongezeka au macho ya zamani yaliwakosa? Ili kulinganisha unahitaji makadirio ya nani alikuwa anakoswa: wa ukubwa gani, rangi gani, umbali gani kutoka kwenye fimbo, kwenye majani ya aina gani. Hiyo ni modeli ya jicho la mtu. Hakuna maski itakayokupa.

Si modeli yoyote, hata hivyo. Yarbus, mtafiti wa mwendo wa macho, alishaonyesha katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza 1967 kwamba mtu yule yule, mbele ya picha ile ile, hupeleka macho kwingine akibadilishiwa swali. Modeli zilizofundishwa kwa watu waliotazama picha kwa sekunde 3 au 5 bila kazi maalumu hazimwelezi mhesabu wa wanyama aliye ndani ya ndege, na anayezichukua zilivyo atajidanganya. Tabaka za chini za mtandao wa neva zinaweza kubaki zilivyo. Zile chache za mwisho ndizo za kufundishwa upya kwa macho ya hapa, kwa kazi ya hapa.

Data hiyo si ghali kuipata. Picha 100, sekunde 3 kila moja na sekunde 1 ya mapumziko, ni chini ya dakika 7 kwa mtazamaji, na watazamaji 15 hadi 20 wanatosha kuanzia. Tumia kifaa cha infraredi, si kamera ya laptop: kwa mwanga wa kawaida kiini cheusi cha jicho kinazama ndani ya kahawia iliyokolea ya macho yetu, kwa infraredi kinajitenga. Funga mapazia, kwa kuwa jua nalo lina infraredi na huzamisha taa za kifaa. Linganisha kifaa na jicho la mtu kwa kumtazamisha nukta 9, na urudie mtu akishasogeza kiti. Skrini ya upana wa sentimita 53 yenye pikseli 1920, ikitazamwa kutoka sentimita 60, hutoa pikseli 38 kwa nyuzi 1. Hicho ndicho kipimo cha kufifisha matuo unapotengeneza ramani, si namba ya kunakili kutoka kwenye programu ya mtu mwingine. Msalaba wa kuanzia usiwe katikati, uhamishwe kwa kila picha. Na picha zisizo na mnyama ziwe nyingi kuliko zenye mnyama. Angani ukanda mwingi ni mtupu, na mtu anayekutana na anachokitafuta mara chache hukikosa zaidi kinapotokea, kosa ambalo halitaonekana kabisa kwenye data kama kila picha imewekewa tembo.