Udongo mweusi wa Hanang si akiba ya mashamba

Tangu tope liporomoke Katesh na Gendabi asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, kila ukitajwa Mlima Hanang, volkano iliyolala mkoani Manyara, hapa Dodoma mabishano huwa yaleyale. Wapo wanaosema wananchi wameufyeka mlima, basi waondolewe miteremkoni. Wapo pia wanaojibu kwamba msitu ulikuwepo na tope likaja vilevile, tena limebeba magogo. Kama msitu haukuzuia kitu, wanauliza, ule udongo mweusi ulioko juu, ambao mkulima wa Bahi au Kongwa anautamani usiku na mchana, tunamtunzia nani wakati vijana hawana pa kulima?

Hawa wa pili wasipuuzwe. Serikali yenyewe ilieleza wakati ule kwamba volkano haikulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Mvua zile zilikuwa za El Niño. Mizizi ya mti hushika udongo wa juu. Mpasuko ukianzia chini zaidi ya mizizi, mti nao unashuka. Kumtwisha mkulima wa pembezoni mwa msitu lawama yote si haki.

Na anayepanda mlimani na jembe hakupanda kwa kupenda. Kuanzia miaka ya 1970, takriban ekari 100,000 za malisho ya wafugaji wa Kibarbaig katika tambarare za Wilaya ya Hanang zilichukuliwa kuwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo, kwa msaada wa Kanada. Ardhi nzuri ya chini ikishakwenda, watu hutazama juu. Huko juu wanaona rangi nyeusi, na sisi wa Dodoma tuliozoea kichanga na udongo mwekundu unaogeuka jiwe mwezi wa Agosti tunawaunga mkono: pale mahindi yatakubali.

Tatizo ni kwamba rangi hiyo inadanganya.

Majivu ya volkano yakioza mahali penye unyevu hayatoi mfinyanzi kama wa mbuga zetu. Hutoa chembe ndogo mno zisizo na umbo maalumu, zikiwemo zile ziitwazo alofani, na pamoja nazo alumini na chuma ambavyo hukamatana na mboji na kuizuia isioze upesi. Ndiyo sababu udongo unakuwa mweusi. Weusi ule ni mboji iliyofungwa, na iliyofungwa hailishi mmea kwa kasi ambayo macho yanaahidi.

Kushika kwake ni kwa ajabu. Chukua donge lenye unyevu, liweke kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni ni gumu, linasimama. Ukiendelea kuminya linakatika ghafla, vidole vinateleza kama umeshika sabuni iliyolowa, na maji yanachungulia pembeni. Ukiliacha kidogo linajirudi na kukaza tena. Maji hayo yote yalikuwa ndani ya donge lililoonekana kavu kiasi. Pia ni jepesi: katika mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo, majivu yaliyokwisha kuoza vizuri hutambuliwa, pamoja na mengine, kwa uzito usiozidi gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati udongo wa kichanga wa kwetu hufika gramu 1.5. Sehemu kubwa ya ujazo wake ni matundu, na matundu hayo ndiyo tangi la maji la mlima unaozungukwa na nyika kame.

Kigezo kingine cha mfumo huo ndicho ambacho ningependa kila anayetaka msitu ufunguliwe akitafakari: uwezo wa kunasa fosfeti, yaani fosforasi katika hali ambayo mmea huitumia, wa asilimia 85 au zaidi. Maana yake shambani ni hii. Unanunua mbolea ya kupandia, iwe DAP iliyotoka nje au ya Minjingu inayochimbwa mkoa huohuo wa Manyara. Unainyunyiza. Fosforasi inayoyeyuka inakamatwa na alumini na chuma cha udongo kabla mizizi ya mahindi haijaifikia. Mahindi yanatoka na majani ya zambarau, yamedumaa, juu ya udongo ambao kila apitaye anausifia rutuba. Msitu unaishi hapo kwa sababu unarudisha majani yake chini kila mwaka na hauuzi magunia sokoni. Mkulima anauza.

Ila kinachonisumbua zaidi ni kukauka. Udongo huu ukikauka sana, harudi mtu akaulowesha ukawa ule wa mwanzo. Chembe zile laini husinyaa, hushikana kuwa punje ngumu, na uwezo wa kushika maji hupungua moja kwa moja. Tandaza kidogo juu ya bati hapa Dodoma, uache jua la Septemba lifanye kazi yake, kisha umwagie maji: yatajikusanya juu kama matone na kutiririka, na punje nyingine zitaelea. Ndani ya msitu jambo hilo halitokei kwa urahisi, kwa kuwa kivuli, ukungu na takataka za majani hulinda unyevu hata katikati ya kiangazi. Fyeka, lima, acha wazi kuanzia Juni hadi mvua za mwisho wa mwaka, na kila kiangazi kitachukua tabaka jingine. Unga mwepesi unapeperushwa na upepo. Ukibaki, mvua ya kwanza inapita juu yake badala ya kuzama. Chemchemi za chini ndizo zinazolipa.

Hapa watu wa Dodoma hunikumbusha Kondoa, na ni kumbukumbu nzuri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeliwa na makorongo, na uoto ukarudi. Kwa hiyo, wanasema, hata Hanang ikiharibika itapona. Lakini nyasi na miti kurudi juu ya udongo mwekundu wa Kondoa ni jambo moja. Majivu yaliyokwisha kusinyaa kupata tena matundu yake ni jambo jingine, na haliletwi na mradi wa kuondoa mifugo.

Rungwe na Kilimanjaro nazo hutajwa: si udongo wa majivu uleule, na watu wanakula na kuuza? Ni kweli. Tazama lakini wanavyoukalia. Kihamba cha Wachaga ni migomba, kahawa na miti juu yake, ardhi haioni jua kali. Sehemu kubwa ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kiangazi chake si kama cha nyika za Singida na Katesh. Walichofanikiwa nacho ni kuuweka udongo ule katika hali inayokaribia ya msitu. Shamba la mahindi na maharage lililolimwa wazi mteremkoni halifanyi hivyo.

Nakubali kwamba sifa ileile ya kubeba maji mengi ndiyo hugeuza mteremko kuwa tope mvua zikizidi kipimo, kama donge lile mkononi. Msitu si kinga kamili, na anayewaambia watu wa Katesh kwamba miti pekee itawalinda anawaweka hatarini. Makazi katika njia za makorongo ya mlima yanahitaji kuhamishwa hata kama kila mti utabaki umesimama. Hata hivyo, msitu kutozuia mmeguko mmoja hakuufanyi udongo wake kuwa shamba. Madai ya ardhi yaelekezwe tambarare, kwenye ekari zilizochukuliwa, ambako hoja ya wananchi ina haki yote.

Kwa wale ambao tayari wanalima nje ya mpaka wa hifadhi ya msitu juu ya majivu haya, ushauri wa maafisa ugani ubadilike: mbolea ya fosforasi iwekwe kwenye shimo la mbegu pamoja na samadi, isitapanywe, mabua yaachwe shambani badala ya kuchomwa, na mbaazi ipandwe katikati ya mahindi, ili mahindi yakishavunwa ardhi iendelee kuwa na kivuli hadi katikati ya kiangazi.